King'ora kikilia usiku, ni mwizi au ni moto?

HEBU jiulize, msomaji. King'ora cha nyumba yako kikilia saa nane usiku wa leo, utafanya nini?

Iwapo wewe ni mkazi wa Nairobi, Mombasa, Nakuru au Kisumu, na nyumba yako ina kengele ya kampuni ya ulinzi, jawabu wanalijua hata watoto wako. Mtajifungia. Baba atahakikisha kwamba kufuli la lile geti la chuma linalotenga vyumba vya kulala na sebule limeshika barabara. Mama atawakusanya watoto katika chumba kimoja, taa zitabaki zimezimwa, na wote mtatulia tuli mkisubiri mngurumo wa gari la askari nje ya lango. Naye jirani, ambaye mchana mnaombana chumvi, atafanya vivyo hivyo kwake. Atazima taa na kuchungulia kupitia upenyo wa pazia. Hakuna wa kumlaumu. Mitaa yetu imetufunza kwamba anayetoka nje king'ora kinapolia anatafuta makuu.

Sasa tuseme kilichokiamsha king'ora hicho si mwizi. Ni waya wa friji ulioshika moto jikoni. Yote mliyoyafanya, kuanzia kufuli hadi kimya chenu, ni kinyume kabisa cha yale yaliyostahili kufanywa. Mlipaswa kufungua, nanyi mmefunga. Mlipaswa kupiga mayowe, nanyi mmenyamaza. Jirani alipaswa kuja mbio na ndoo ya maji, naye amejifunika blanketi.

Hili ndilo jambo ambalo familia nyingi hazilifikirii zinapoamua kuunganisha vitambuzi vya moshi na mtambo wa kengele ya wezi. Kuunganisha vifaa hivyo ni jambo jema, na ikiwa nyumba yako tayari ina mtambo basi ni upuuzi kuuacha ulinde televisheni peke yake. Lakini kazi hii isipofanywa ipasavyo, mtambo utawaambia watu wa nyumbani wafanye jambo ambalo litawaangamiza.

Nyumba iliyojengwa kama jela

Tazama nyumba zetu. Ukuta wenye vigae vya chupa au nyaya za umeme juu yake. Lango la chuma. Mlango wa mbele wenye komeo tatu. Vyuma kila dirishani, hata lile la choo. Kisha, kwa wenye hofu zaidi, geti jingine la chuma ndani kwa ndani kwenye korido, ambalo hufungwa kila usiku na ufunguo wake kufichwa chini ya mto wa baba. Kila kitu hapa kimewekwa ili mtu asiingie. Hakuna aliyekaa chini kupiga hesabu ya jinsi mtu atakavyotoka.

Gharama ya vyuma hivyo tunaifahamu, ila tumezoea kuizungumzia kama habari ya shule. Mnamo Machi 1998 wasichana 26 waliangamia katika bweni la shule ya upili ya Bombolulu, Kwale. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika shule ya upili ya Kyanguli, Machakos. Bweni la Kyanguli lilikuwa na milango miwili, mmoja ukiwa umefungwa, na madirisha yake yalikuwa na vyuma. Baada ya misiba ya aina hiyo, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka wa 2008, unaosema waziwazi kwamba madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, na kwamba milango yake ifunguke kwa kuelekea nje.

Mzazi anayesoma haya anaweza kudai mwongozo huo ufuatwe katika shule ya mwanawe, na ana haki. Lakini mtoto huyo huyo akija likizo analazwa katika chumba chenye vyuma dirishani na geti kwenye korido, na hakuna mkaguzi anayekuja kuuliza.

Simwambii mtu ang'oe vyuma vyake. Wezi wapo, na wanaojifanya hawapo ni wale ambao hawajawahi kuvamiwa. Ninachosema ni kwamba katika nyumba iliyofungwa hivi, dakika ndizo mali. Mwenye mlango wa kawaida hutoka kwa hatua chache. Wewe una kufuli la korido, komeo tatu, kisha mlango, tena gizani na moshi ukikuchoma macho. Lazima uamshwe mapema kuliko yeye. Tena usidhani pua itakuamsha. Mtu aliyelala usingizi mzito hasikii harufu, na hewa ya sumu iliyomo ndani ya moshi humzamisha zaidi usingizini. Wengi wanaokufa katika moto wa nyumba huuawa na moshi kabla mwali haujawafikia.

Kisahani cha darini

Kitambuzi cha moshi ni kile kisahani cheupe, kipana kama kisosi cha chai, kinachobandikwa darini. Viko vya aina mbili. Cha kwanza kina mwali mdogo wa mwanga ndani ya kijichumba cheusi. Moshi ukipenya humo, mwanga hutawanyika na kuangukia jicho la kifaa, nacho kikapiga kelele. Hiki ni hodari kwa moto unaofukuta polepole, mathalan godoro au kochi lililoangukiwa na kijinga cha sigara. Cha pili kina punje ndogo mno ya madini yaitwayo americium, ambayo huiwezesha hewa iliyo ndani yake kupitisha umeme hafifu. Chembe za moshi zikiingia, umeme huo hupungua. Hiki huwahi zaidi moto wenye ndimi za haraka, lakini pia husumbuliwa sana na mvuke na moshi wa mapishi. Kwa nyumba ya familia ningechagua cha mwanga, na nisingebishana sana na muuza duka.

Kengele ya wezi na kengele ya moshi hazikuzaliwa pamoja, na pengine ndiyo maana mpaka leo zinapatana kwa shida. Ile ya wezi ni kongwe. Mmarekani Augustus Pope, wa jimbo la Massachusetts, alipata hataza yake mwaka wa 1853, na wazo lake la kuunga milango na madirisha kwa nyaya za umeme ndilo tunalolitumia hadi leo. Kitambuzi cha moshi kilikuja kwa ajali. Inasimuliwa kwamba mwanafizikia Walter Jaeger wa Uswisi alikuwa akijaribu kutengeneza kifaa cha kunusa gesi ya sumu katika miaka ya 1930. Kifaa kilimkatalia. Akawasha sigara kutuliza hasira, na mara mshale wa mita ukasogea kwa moshi wake. Hata hivyo kifaa cha betri ambacho mtu wa kawaida angeweza kukinunua kwa ajili ya nyumba yake hakikupatikana hadi Duane Pearsall wa Colorado alipokibuni mwaka wa 1965. Zaidi ya miaka 100 iliyapita kati ya kengele ya kulinda mali na hii ya kulinda roho.

Kazi ya fundi

Sasa tuingie ndani ya lile sanduku la chuma ambalo fundi alilificha katika kabati la nguo. Ukilifungua utaona safu ya skrubu ambamo nyaya nyembamba zimebanwa. Kila jozi ya skrubu hizo ni zoni, kama wanavyoita mafundi. Mlango wa mbele una zoni yake, jicho la sebuleni linalonasa mtu anapopita lina yake, nacho kile kitufe cha hatari kilicho kando ya kitanda kina yake.

Zoni za milango na sebule hulala na kuamka kwa amri yako. Asubuhi ukibonyeza namba zako za siri, mtambo unaacha kuzijali, ili watoto watoke na kuingia bila kuwaamsha askari wa mtaa mzima. Usiku ukibonyeza tena, unaanza kuzilinda.

Fundi mwenye haraka hukichukua kitambuzi cha moshi na kukiunga katika zoni moja na jicho la sebuleni. Waya uko karibu, kazi inakwisha kabla ya chakula cha mchana, na akikijaribu mbele yako kinalia vizuri tu. Unamlipa na kumshukuru. Lakini saa moja jioni, sufuria zikiwa mekoni, pasi ikiwa kwenye soketi na watoto wakifanya kazi ya shule mezani, mtambo wako umezimwa kwa sababu watu wako nyumbani. Moshi unaweza kujaa mpaka sakafuni na mtambo usitoe hata mlio mmoja. Ni vigumu kubuni mtego mbaya kuliko huo: kitambuzi kipo, taa yake inamweka kila dakika, nacho kimefungwa mdomo saa zile ambazo nyumba inawaka moto kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwambia fundi ni kwamba vitambuzi vya moshi vikae katika zoni yao wenyewe, iliyopangwa katika mtambo kama zoni ya moto. Zoni ya namna hiyo hukesha saa 24, mtambo uwe umewashwa au umezimwa. Yapo baadhi ya mafundi watakaokwambia kwamba kitufe cha hatari nacho hukesha saa zote, hivyo waviunge pamoja. Kataa. Ni kweli kitufe hicho hakilali, lakini ujumbe unaopelekwa kwa kampuni ni kwamba umevamiwa, na king'ora kitakacholia ni kile kile cha wezi. Tutarudi tulikoanzia, wote mmejificha chini ya vitanda.

Zoni ya moto iliyopangwa vyema hubadili hata sauti. Mitambo mingi ya siku hizi inaweza kulia kwa namna mbili: mlio mrefu wa mfululizo kwa mwizi, na mapigo matatu, kimya kidogo, kisha matatu tena kwa moto. Mapigo hayo matatu si mapambo. Ndiyo ishara ya kimataifa ya kuwaambia watu watoke nje. Mwombe fundi ailize milio yote miwili, familia nzima ikiwa sebuleni, na yaya akiwemo. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuitofautisha akisikia mara moja tu. Mlio mrefu, tunajifungia. Mapigo matatu, tunatoka. Waambie na majirani.

Kuhusu nyaya zenyewe, kitambuzi cha kawaida cha kuunganishwa na mtambo huwa na nyaya nne. Mbili humletea umeme wa volti 12 kutoka katika sanduku, na mbili hupeleka habari. Kikishanusa moshi, hubaki kikilia hata moshi ukiisha, mpaka umeme wake ukatwe kidogo na kurudishwa. Hivyo basi fundi akiunge mahali ambapo mtambo unaweza kuukata umeme huo wenyewe ukibonyeza namba. La sivyo utampigia simu usiku wa manane aje achomoe nyaya, na wiki ijayo utakuwa umekichomoa kabisa ili ulale.

Kuna kijidude kingine kidogo kama punje ya mchele, kiitwacho rezista, ambacho hufungwa mwisho wa waya. Kazi yake ni kuuwezesha mtambo kujua kama waya bado ni mzima. Mahali pake ni kwenye kitambuzi cha mwisho kabisa, kule mbali. Wako mafundi wanaokibana ndani ya sanduku kwa sababu ni rahisi. Ukifanyiwa hivyo, panya wa darini akiutafuna waya mtambo utaendelea kuamini mambo ni shwari. Na msomaji anayekaa katika nyumba za zamani za Eastleigh au Ngara hahitaji kuambiwa habari za panya wa darini. Umeme wa kitambuzi nao uwe na rilei ya kuuchunga, ili ukikatika mtambo ulalamike.

Onyo moja kali. Madukani kuna vitambuzi vinavyotumia umeme wa volti 240 moja kwa moja kutoka darini, na vingine vya betri vya kusimama peke yake. Ni vizuri kwa kazi yao, lakini havikutengenezwa kuunganishwa na sanduku la volti 12. Fundi akitaka kuchanganya nyaya za volti 240 na zile za mtambo, mwonyeshe lango. Ikiwa ni lazima viunganishwe, vipo vyenye rilei ya kutenganisha umeme huo, na hivyo ndivyo vya kununua. Mitambo isiyotumia nyaya ni rahisi zaidi kufunga, hasa kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki dari itobolewe, mradi vitambuzi viwe vya kampuni moja na mtambo, maana vya kampuni tofauti mara nyingi havielewani.

Stima ikipotea

Kila mtu anajua stima hupotea. Kinachosahaulika ni kwamba ikipotea ndipo mishumaa na taa za mafuta hutolewa kabatini, na hatari ya moto huongezeka saa hizo hizo. Ndani ya sanduku mna betri, aghalabu ya volti 12 na ampea-saa 7. Hesabu yake si ngumu. Mtambo wako ukila nusu ampea, betri mpya kabisa itauendesha saa 14 hivi. Betri ya miaka minne au mitano huenda isimalize hata saa mbili. Mwambie fundi aizime stima ya mtambo na kuuacha ukae hivyo jioni nzima, uone kama utastahimili.

Mahali pa kubandika

Mahali pa kwanza ni dari ya korido inayoelekea vyumba vya kulala. Ukiwa na uwezo, ongeza kimoja katika kila chumba cha kulala, na kimoja sebuleni. Nyumba ya ghorofa iwe na kimoja juu ya ngazi, kwa sababu moshi hupanda ngazi kuliko mgeni mwenye haraka. Usikibane pembeni kabisa ambako ukuta na dari hukutana, kwani hewa hutuama hapo.

Jikoni usikiweke. Familia inayopika chapati kila Jumapili itakichukia kifaa hicho kabla mwezi haujaisha, na kitambuzi kinachochukiwa hufungwa mfuko wa plastiki. Jikoni panataka kitambuzi cha joto, ambacho hakijali moshi bali huamka joto linapofika nyuzi 57 au 58 hivi, au linapopanda ghafla. Hicho nacho huungwa katika zoni ile ile ya moto. Wasomaji wetu wa Pwani wajue pia kwamba chetezo cha udi na ubani, kikipitishwa chini ya kitambuzi, kinaweza kukiamsha. Dawa ya mbu ya kuchoma na ile ya kupuliza ni hivyo hivyo. Hakuna haja ya kuacha kufukiza nyumba. Chetezo kikae mbali na korido, basi.

Kuna jambo ambalo kitambuzi cha moshi hakiliwezi hata kidogo. Katika baridi ya Julai wapo wanaoliingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi unaoonekana, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo imezimaliza familia nzima usingizini. Kitambuzi cha moshi kitatulia darini kikitazama. Hewa hiyo ina kitambuzi chake mbali, ambacho mlio wake ni wa mapigo manne. Lakini dawa ya kweli ni jiko kubaki nje.

Wasio na mtambo

Najua wengi wa wanaosoma haya hawana mkataba na kampuni yoyote ya ulinzi. Mwanafunzi aliyepanga chumba kimoja Kahawa au Juja hana sanduku kabatini, pengine hata kabati hana. Kitambuzi kimoja cha betri juu ya mlango kitamfaa vya kutosha. Wanaoishi katika fleti wanaweza kununua vile vinavyowasiliana kwa redio, kimoja kikilia vyote vinalia, na wapangaji wa ngazi moja wakakubaliana kuvigawana.

Kwa hakika mfano mzuri zaidi wa kuunganisha kengele za moto haukutoka mitaa ya wenye pesa. Mnamo miaka ya 2010 kampuni ya Lumkani kutoka Cape Town, Afrika Kusini, ilitengeneza kitambuzi cha vibanda vya mabati, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya likashiriki kukijaribu katika mtaa wa Mukuru jijini Nairobi. Waliokibuni waliliona tatizo la moshi wa jiko na mafuta ya taa, wakakifanya kipime kasi ya joto kupanda badala ya moshi. Tena kikilia, vya majirani navyo hulia. Katika mtaa ambao kibanda kinagusana na kibanda, jirani ndiye mzima moto wa kwanza, na walipanga mtambo wao kwa kuzingatia hilo. Wenye kuta ndefu mitaa ya juu wamemlipa askari na kumsahau jirani.

Unayemwita ni nani?

Kengele iliyounganishwa inategemea mtu anayeipokea. Baadhi ya kampuni kubwa za ulinzi zina magari yao ya kuzima moto. Nyingine zina askari wenye rungu na mbwa, ambao moto hauwaogopi. Kabla ya kutia sahihi, uliza mkataba wako unasema nini kuhusu moto. Je, kituo chao cha mawasiliano kikipata ujumbe wa moto kitawaita wazima moto wa kaunti mara moja, au kitatuma gari kwanza likahakikishe? Je, mlinzi wa lango la mtaa ameambiwa afungue bila kuuliza maswali gari jekundu likifika? Kuna mitaa iliyoweka vizuizi vya chuma barabarani ambavyo gari hilo haliwezi kuvipita. Namba za dharura 999 na 112 ziwe kichwani mwa kila mtu nyumbani, maana mtambo unaweza kukwama.

Zaidi ya yote, funguo. Ufunguo wa geti la korido usilale chini ya mto wa mtu mmoja. Uning'inizwe ndani, mahali ambapo kila anayelala upande ule anaweza kuufikia gizani, lakini mwizi hawezi kuuvuta kupitia dirishani. Angalau dirisha moja katika kila chumba cha kulala liwe na vyuma vyenye bawaba, vya kufunguka kutoka ndani. Mchomeleaji yeyote wa kando ya barabara anaweza kuvitengeneza. Yaya anayelala chumba cha nyuma awe na ufunguo wake. Na wale wazazi wanaowafungia watoto na yaya kwa nje wanapokwenda kazini, ati wasizurure, sina lugha ya adabu ya kuwaambia. Kitambuzi hakimsaidii aliyefungiwa. Kitamjulisha tu.

Kazi ikishamalizika, usimwachie fundi aondoke. Ipigie simu kampuni kwanza uwaambie mnafanya majaribio, kisha mtambo ukiwa umezimwa, kama unavyokuwa saa za jioni, bonyeza kitufe cha majaribio kilicho kwenye kila kitambuzi, kimoja baada ya kingine. Zoezi hilo lirudiwe kila mwezi, na kitambuzi chenyewe kibadilishwe kinapotimiza miaka 10 tangu kilipotengenezwa. Tarehe imepigwa chapa mgongoni. Baada ya kila mlio, waulize kwenye simu ujumbe waliopokea unasomaje. Wakikujibu "wizi", mrudishe fundi kwenye sanduku lake, na usimlipe salio hadi wakujibu "moto".